Kikao cha Kitunguu, Kuhusu Hana Kusoma Kemia

KAMATI YA SHULE YA SEKONDARI MAZABIBU, HOMBOLO
Jumamosi 10/12/1994, chumba cha maabara, saa 4.10 asubuhi

WALIOHUDHURIA: Bi. Rukaya Swalihu, Mwenyekiti, mwenye duka Majengo. Mwl. Paulina, Mkuu wa Shule. Mwl. Stanley wa kemia. Mzee Matonya, Katibu, ndiye mimi.
WAALIKWA: Profesa Ruthu Mazengo, mzaliwa wa hapa, kafundisha kemia Chuo Kikuu miaka ishirini na tisa, sasa kastaafu. Hana Thomas, mwanafunzi wa kidato cha pili, haoni.
ASIYEHUDHURIA: Ndugu Anthony, mjumbe. Hakutoa taarifa, na hajawahi kutoa.

KUMB. NA. 21/94: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua. Katibu alikumbusha kwamba tofali za maabara hii alifyatua yeye, elfu nne. Mwenyekiti alisema hilo limo katika kumbukumbu za vikao vyote.

KUMB. NA. 22/94: HANA KUSOMA KEMIA KIDATO CHA TATU
Mwl. Stanley alieleza kwamba yeye hamchukii mtoto, lakini kemia ni macho. Asidi inadondoshwa kwenye besi iliyotiwa dawa ya kuigeuza pinki, pinki ikipotea unaacha. Asiyeona ataachia wapi? Alishauri asome historia.

Hana aliruhusiwa kusema. Alisema, "Shikamooni. Mimi nataka kuwa mfamasia. Mkinitoa kemia leo, ndiyo basi tena."

Profesa alitoa kitunguu mkobani. Alieleza kwamba kikilowekwa kwenye besi harufu hupotea, asidi ikitosha harufu hurudi, kwa hiyo pua nayo inapima. Katibu alifahamisha kikao kwamba katengeneza mvinyo miaka thelathini, na Hombolo nzima hakuna pua kama yake, basi aanze yeye. Alifungwa macho kwa mtandio wa Mwenyekiti. Alidondosha asidi kikombeni huku ananusa, akaacha kwenye tone la arobaini na moja. Sababu ni mafua.

Mwenyekiti aliuliza, "Mafua hayo, mzee wangu, yameanza lini?" Katibu alijibu kwamba hilo si ajenda.

Hana alidondosha huku ananusa, akaacha kwenye tone la kumi na tisa. Kikombe cha pili, kumi na tisa tena.

Mwl. Stanley alitakiwa apime kwa rangi, ilinganishwe. Alidondosha, akamwomba Mkuu wa Shule amwambie pinki ikipotea. Ikapotea kwenye tone la kumi na tisa. Mwenyekiti aliuliza mbona haangalii mwenyewe.

Mwl. Stanley aliweka kikombe mezani. Kisha alisema pinki hiyo hajawahi kuiona, kwake ni maji tu. Chuoni alitaka kuacha masomo, Profesa akamweka na mwenzake wa kumtajia rangi. Hapa shuleni wanamtajia wanafunzi, wao wakidhani anawajaribu.

Profesa alisema, "Stanley mwanangu, mimi sikukutaja. Nimeleta kitunguu tu."

Hana alisema, "Kumbe tuko wawili, Mwalimu!" Kikao kilicheka, Mwl. Stanley akazidi wote.

AZIMIO: Hana asome kemia. Aliyependekeza ni Mwl. Stanley. Darasa zima lifundishwe kupima kwa rangi na kwa pua, Profesa atakuja kila Jumamosi. Vitunguu atatoa Mwenyekiti.

KUMB. NA. 23/94: MENGINEYO
Hana aliomba asomewe kumbukumbu hizi kabla hazijasainiwa, maana zinamhusu. Katibu alisoma zote kwa sauti. Hana alisema ni nzuri, ila matone ya Katibu yameandikwa ishirini na moja, na yeye kwa masikio yake alihesabu arobaini na moja. Katibu amerekebisha, kwa hiari yake.

Watu waliinuka saa 6.40 mchana, maabara nzima inanuka kitunguu.

R. Swalihu, Mwenyekiti ....................
Mzee Matonya, Katibu (mwenye tofali) ....................