Kabla Hujaweka Kidevu kwenye Mashine

Mdogo wangu Marwa,

Mvua zimeanza, barabara ya Nyamwaga ni tope tupu, na habari niliyotakiwa kuifuata leo itasubiri. Nimepata asubuhi ya kukuandikia. Nakuandikia hapa gazetini kwa sababu si wewe peke yako wa huku uliyefanyiwa leza ya macho ukarudi nyumbani ukidhani mambo ya hospitali yameisha.

Unakumbuka wiki uliyorudi kutoka Nairobi. Ulikuwa umechoshwa na vumbi la Serengeti kwenye miwani. Watalii walikuwa wakimwona chui kabla yako, nawe ndiye unayewaongoza. Ulifika na miwani nyeusi na dawa za matone, umekatazwa kufikicha macho. Shangazi akaja na jirani anayenyonyesha ili akukamulie maziwa machoni.

"Daktari amekataza, shangazi."

"Daktari! Maziwa haya ndiyo yalikutoa matongotongo. Leo umekuwa Mzungu?"

Ulijifungia chooni mpaka mama wa watu akaondoka na mtoto wake.

Macho yalipotulia, Tata, baba yetu, alikupima kwa kipimo chake. Kwetu mwenye macho ni yule anayewatambua ng'ombe wake wakiwa kilima cha pili. Tata alikusimamisha uani, akakuambia, "Mura, kijana wangu, nitajie." Ukataja: yule mwekundu wa pembe iliyovunjika, yule mweusi mwenye baka tumboni, mtamba anayemfuata. Hukukosea. Tata akasema sasa ni zamu ya mzee, naye akawataja wote. Kisha akageuka aende kukaa, akamvaa ndama aliyefungwa ubavuni pake, akaanguka chali.

Tulicheka sana. Yeye alituzidi. "Huyu ndama amekuja lini?" Jirani akajibu kutoka ng'ambo ya ua, "Mzee, hiyo ni pombe ya jana!"

Haikuwa pombe. Ilikuwa presha ya macho, ambayo madaktari huiita glakoma. Ilikuwa imeshamla uoni wa pembeni na kumwachia wa katikati, na kilima kilikuwa katikati. Tulipompeleka hospitali miaka kadhaa baadaye, alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye mrija, na kilichokwisha kupotea hakikuweza kurudishwa. Alimpakata binti yako bila kumwona. Ulikuwepo, kwa hiyo siendelei.

Baada ya kumzika nilikwenda kupimwa. Daktari alinieleza kwamba ugonjwa huu hufuata damu, akaniuliza nina ndugu wangapi. Nilipomwambia yupo mmoja aliyefanyiwa leza, aliweka kalamu chini.

"Anapimwa?"

"Anasema anaona vizuri kuliko mimi."

"Anaweza kuwa anasema kweli. Hilo silo ninalouliza."

Akanifafanulia. Leza hupunguza unene wa kioo cha mbele cha jicho ili mtu aone bila miwani. Haigusi mshipa wa nyuma unaopeleka picha kwenye ubongo, na huo ndio glakoma inaoula. Zaidi ya hapo, mashine nyingi za presha hupima kwa kukibonyeza kioo hicho. Kikishakuwa chembamba, mashine inaweza kusoma presha ndogo kuliko iliyopo. Mpimaji asiyejua kwamba ulifanyiwa leza anaweza kukuambia uko salama, nawe ukaamini.

Mimi nimekutwa nayo, ikiwa changa. Nakuambia kwa utulivu kwa sababu ndivyo nilivyo. Nilipata karipio moja la daktari kwa kuchelewa, nikapewa dawa ya matone, na presha imeshuka. Mwezi uliopita niliendesha gari mwenyewe hadi Manchira kufuata habari ya maji ya Mugumu, nikarudi salama.

Nilipokupigia kwa video huko Botswana, ulikohamia kuongoza watalii, ulinijibu kwa kiburi cha kazi yako. "Dada, mimi namwona swala akitikisa sikio ng'ambo ya mto. Macho yangu yalishatengenezwa." Nikakuuliza mbona siku hizi simu unaishika mbali kama mtu anayepiga picha ya harusi. Ukasema ni umri. Ni kweli ni umri, leza haiuzuii, na hiyo nayo ni sababu ya kwenda. Ukakiri pia kwamba jioni macho hukauka na kuwasha. Ndipo ukasema jambo lenyewe, kwa sauti ndogo: "Wakisikia kiongozi wa watalii ana ugonjwa wa macho, nimekwisha."

Nimelifikiria hilo. Kazi yako ni macho yako, sitakudanganya kwamba hofu hiyo ni ya bure. Lakini anayegunduliwa mapema na kutumia dawa mara nyingi hubaki na macho yake na kazi yake. Kinachomaliza kazi ni kugonga kitu kilichokuwa ubavuni mwako, gari likiwa limejaa wageni.

Juzi uliniandikia kwamba umepata nafasi ya kupimwa Alhamisi, ukaniruhusu kuyaandika haya. Nilisoma ujumbe huo nikiwa Susuni, katikati ya mahojiano, nikamwomba mzee niliyekuwa namhoji anisubiri kidogo. Basi, kabla hujaweka kidevu kwenye mashine, sema mambo mawili: nilifanyiwa leza, na baba yangu alipofuka kwa presha ya macho. Usingoje kuulizwa. Waombe wapime unene wa kioo na watazame mshipa wa nyuma. Wakikukuta mzima, uliza urudi lini, na urudi kweli.

Uliniuliza itakuwaje wakiikuta. Wakiikuta, utaweka matone kila usiku kama mimi. Mimi naweka saa tatu. Kwako huko ni saa mbili. Nitakupigia, tuweke pamoja, halafu unisimulie umeona wanyama gani.

Dada yako mkubwa,
Tarime