Ekzosi ya Baba Yako

Mtaa wa Kumi na Mbili,
Wyandotte, Michigan.
14 Julai 2024

Mpendwa mwanangu Marlena,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Hujambo lakini? Kile kikohozi chako cha baridi ya Alaska kimekuachia, au bado mnabembelezana? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto limegoma tena. Joto la mwaka huu limetutia adabu. Nyanya zangu zimeanza kuiva na jirani anazikodolea macho kila asubuhi, kama hajawahi kuona nyanya.

Mama yako naye hajambo. Anakula, analala, anafua hata visivyo vichafu. Ukimwangalia unaona kabisa mtu aliyezoea kumngoja mtu jioni, na sasa hana wa kumngoja.

Sasa usikunje uso. Unajua ninachotaka kukuandikia. Tangu Pasaka wewe na mdogo wako hamsemezani kwa sababu ya Mustang ya marehemu baba yenu. Wewe umesema lile gari lisiguswe hata nati moja, libaki kama lilivyotoka kiwandani. Brent anataka kulitia madoido: alishushe chini, aishindilie injini hewa kwa supachaja, ang'oe ekzosi aweke mpya, kisha alipeleke kwenye msafara wa magari wa Agosti pale barabara ya Woodward. Ukamwambia, "Ukiligusa, huna dada." Maneno hayo aliniletea jikoni kwangu, jitu zima lenye ndevu, linadondosha machozi kwenye sahani ya pierogi. Nikamwambia, "Futa pua wewe, pierogi zangu zina chumvi ya kutosha."

Nacheka, lakini inaniuma. Gene alikuwa kaka yangu wa pekee, na nyinyi wawili ndio mliobaki wa kufanana naye.

Unaikumbuka siku alipolileta? Kijani cha chupa, linang'aa mpaka unaona meno yako. Lilitoka palepale kiwandani Flat Rock kwenye laini yetu, mimi nikifunga viti, yeye akifunga ekzosi. Aliliegesha mbele ya nyumba akalizunguka mara sijui ngapi, mikono mgongoni, kama bwana harusi anayeogopa kumshika bibi harusi. Akaapa mbele yetu sote: "Mabomba haya nimeyafunga kwa mikono yangu. Mjinga gani anunue jasho lake halafu alikate?" Na pale mgahawani, kijana akifika na gari linalopiga kelele, Gene anamwita, "We kijana, gari lako lina mafua? Lipeleke kwa daktari!" Jamani, tulivyokuwa tunacheka.

Na wewe kila Krismasi ukija ulikuwa unaniambia, "Shangazi, nikisikia ule mngurumo unakata kona ya kanisa, ndipo najua nimefika nyumbani." Basi nakuelewa. Unalilia sauti ile, isije ikabadilishwa. Hata mimi niliisikiliza miaka yote na nikadhani injini ya silinda nane ndivyo inavyonguruma.

Nisikufiche. Jumamosi iliyopita Brent aliona hasira zako zitamzeesha, akaamua liwalo na liwe. Akaliinua gari kwa jeki mle gerejini mwa baba yenu, akashika grainda ayakate mabomba. Nilikwenda nikiwa sijui kama namzuia au namshikia tochi. Akaingia chini. Kisha nikasikia, "Shangazi, hebu njoo uone."

Nikainama na goti langu hili bovu. Unajua kazi yetu: nati ukishaikaza unaipiga mstari kwa kalamu ya rangi, anayefuata ajue imekazwa. Kila mtu na mkono wake. Mstari wa Gene ulikuwa na kamkia mwishoni, kwa sababu hakuwa na subira ya kuinua kalamu. Wasimamizi walimsema wakachoka. Na chini ya gari lile ilikuwepo, mistari ya njano yenye kamkia, kwenye kila kibano.

"Si ndizo alizokaza kiwandani?" Brent akaniuliza.

"Tazama vizuri," nikamwambia. "Sailensa ziko wapi?"

Hazikuwepo. Pale zinapokaa sailensa kulikuwa na mabomba matupu yaliyonyooka, yameungwa kwa mkono, na uungaji wenyewe mbaya wa kuchekesha. Vibano vilikuwa vya kununua dukani. Kiwanda chetu hakijawahi kutoa kitu kama kile. Brent akakaa sakafuni akashika kichwa, "Mzee! Mzee mwongo wewe!" akawa anacheka na kulia kwa pamoja.

Basi ndiyo hivyo, mwanangu. Ile sauti unayotaka ibaki ya kiwandani haikutoka kiwandani. Baba yako aliyakata mabomba mwenyewe, akafunga mdomo, akaendelea kuwacheka wenzake mgahawani.

Tukamwendea mama yako, alikuwa anakunja foronya. Tukasimama mbele yake atusome midomo. Brent akamuuliza habari za mabomba. Mama yako akaiweka foronya chini. "Mlidhani sijui?"

Akatueleza. Masikio yalipomfia kabisa, alikuwa hasikii tena mlango. Jioni moja yuko kwenye sinki, Gene akaingia akamgusa bega. Akapiga yowe, sahani ikavunjika. Akalia sana siku ile, akamwambia amechoka kuishi ndani ya nyumba yake kama mtu anayeviziwa. Baada ya siku chache vikombe vikaanza kutikisika kabatini kila Gene anaporudi kutoka kazini.

"Akikata kona namsikia kwa nyayo," akasema. "Naweka kahawa. Akifungua mlango, iko tayari. Nilipomuuliza vikombe vina nini, akaniambia, 'Barabara mbovu hii.' Nikamwachia na barabara yake mbovu."

Brent akatoka. Gari lile lilikuwa halijawashwa tangu mazishi. Mimi nikabaki nakunja foronya na mama yako, yeye kalipa dirisha mgongo, hajui mwanawe ameenda wapi. Mara vikombe vikaanza kutikisika.

Marlena, aliinuka kabla sijamshika mkono. Akatia maji kwenye mashine ya kahawa, akafungua kabati, akatoa kikombe cha Gene. Ndipo akakumbuka. Akasimama nacho, amekikumbatia kifuani, mpaka Brent alipofungua mlango. Akamtazama, akammiminia kahawa kwenye kikombe hichohicho.

Grainda imerudi kwenye sanduku. Supachaja bado anaitaka, mtukutu yule, na nimemwambia hilo mtazungumza wenyewe. Lakini mabomba hayaguswi, hilo ameapa. Anasema hatakaza nati nyingine mpaka uwepo, na ya kwanza uikaze wewe. Kalamu ya njano ninayo, niliondoka nayo siku nilipostaafu. Sasa ni juu yako kumpigia simu.

Brent anakusalimu, anaona haya kuandika. Mjomba wako Stan anakusalimu, na binti yake Paulette amejifungua mtoto wa kike. Nisalimie mkwe wangu na wajukuu zangu. Mungu akulinde katika baridi hiyo, akuletee usingizi mwema na moyo mwepesi.

Mama yako ameniambia niandike hivi kabla sijafunga bahasha: Agosti ukija, usichukue teksi. Brent atakupokea uwanja wa ndege na gari lile, lakini ukifika kwenye kanisa mwambie akupishe usukani. Anataka akusikie unakata kona.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye hata ukinuna,

Irena Drozdowski