Vidonge Alivyomwaga Kassimu

Kambi ya wakata mkonge,
Same.
14 Julai 2024.

Mpendwa dada Ernesta,

Shikamoo. Hujambo na watoto? Mguu wa mama umepoa? Huku ni vumbi na upepo. Mvua tunaiona ikinyesha juu milimani, bondeni kwetu haifiki. Mimi nipo hai. Naandika kwa sababu mume wangu Kassimu aliibamiza simu yangu ukutani.

Kidonda cha titi kimefunga, na mionzi nimemaliza. Daktari wa Moshi alisema saratani ilikuwa ndogo, haikufika kwapani, na uwezekano wa kurudi ni mdogo. Akanipa vidonge vya kuzuia homoni, nimeze kila siku miaka mitano, ili uwezekano huo upungue zaidi. Alinieleza na ubaya wake: joto la ghafla, viungo kuuma, na nisishike mimba. Akasema si lazima, nikafikirie.

Nikafikiria. Dada, mimi nakula kwa vidole hivi. Hata sasa nikiamka havikunjuki mpaka nivichue. Viungo vikiuma zaidi ya hapa, kisu cha mkonge nitakishikaje? Nikaamua sitameza. Sikumwambia mtu.

Kassimu akaviona vile vidonge. Wenzake walimdanganya kwamba ni vya uzazi wa mpango. "Unaniulia watoto!" Akanipiga ngumi ya mdomo, jino likatoka. Nilipoanguka akanikandamiza kwa goti palepale kwenye kovu, akamwaga vidonge chini na kuvisaga kwa buti. Nilipapasa nikakipata kisu, nikampiga mkononi kwa mgongo wa kisu. Mfupa ukalia. Nikageuza upande wa makali.

Aliyenishika ni jirani yangu Mama Irine, Mpare wa Vudee, huku anamfokea Kassimu: "Toka, mshenzi wewe! Umezoea kukata mkonge, haukurudishii!" Akatoka analia, mkono unaning'inia.

Dada, nilikaribia kuua mtu kwa ajili ya dawa nisiyoitaka.

Hapo nikakwama. Nikimeza, nameza kumkomoa. Nikiacha, atasema kipigo kimefanya kazi. Nikarudi kwa daktari na mdomo umevimba, nikamweleza yote. Akasema, "Huyo Kassimu tumweke pembeni kwanza. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Nikasema nataka mikono yangu. Akasema sawa, ila niende kupimwa kila mwaka bila kukosa, na nikibadili mawazo nisichelewe kurudi.

Kwa hiyo simezi. Kassimu anatamba kilabuni kwamba amenitia adabu, na plasta yake mkononi. Mwache atambe. Analala kwa wenzake, kitasa cha mlango nimebadilisha. Leo asubuhi nilikuwa shambani nakata.

Msalimie mama, ila la jino usimwambie. Msalimie shemeji Rodrick na mwanangu Zebedayo. Mungu awafunike nyote.

Mdogo wako akupendaye, mwenye mikono yake miwili,
Priska