Seva Iliyomkatalia Mgeni Rasmi

Zabibu weee! Acha hizo korosho unisikilize. Sijui nicheke au niandike barua ya kuacha kazi.

Leo si tulikuwa na uzinduzi wa seva ya mafaili ya wagonjwa hapa zahanati? Watu wako kwenye benchi tangu asubuhi, eti haiwashwi mpaka mgeni rasmi afike!

Nilishamwambia bosi wangu, Mzee Valence, kwamba database, ile programu ya ndani inayotunza mafaili, inawashwa kwa akaunti yake ndogo tu, isiyo na madaraka. Akanitazama kama nimemtukana. "Asma! Mgeni rasmi aingie kwa akaunti ndogo? Mpe ile kubwa kuliko zote!"

Kubwa kuliko zote ni root. Nikampa. Ningefanyaje?

Mgeni kakata utepe, kabonyeza Enter. Vigelegele! Halafu pale ukutani kwenye projekta, kila mtu anaona: root haruhusiwi kuwasha.

HARUHUSIWI, Zabibu! Akabonyeza tena. Haruhusiwi.

"Nani kaiambia hii mashine inikatalie?" Macho yote kwangu.

Nikasema, "Mheshimiwa, imetengenezwa hivyo. Mkubwa akikosea anaharibu kila kitu, ndiyo maana inamtaka mdogo."

Bibi mmoja kwenye benchi akapiga makofi. Peke yake!

Nikaingia kwa akaunti ndogo, ikawaka hapo hapo. Mzee Valence akashika maiki: "Tunamshukuru mgeni rasmi kwa kutuwashia!"

Kisha akaninong'oneza: "Asma, hiyo akaunti ndogo imetuokoa. Kesho uipandishe cheo, iwe root."