Udongo Usio na Makombe

Shangazi,

Hali sikuulizi, maana anayeijua ni Yeye aliyekuchukua. Nimekaa kwenye kigoda chako hapa kitaluni, mabasi ya kusini yanapita Bungu yakipiga honi vilevile. Miche ya mipapai imeota vizuri. Maji moto wako, wale sisimizi wekundu wa mitini, wamehamia mlimao wa pili na jana wameniuma shingoni, kwa hiyo usidhani kufa kwako kumewapunguzia hasira. Hakuna mdudu anayethubutu kugusa malimau yetu.

Arobaini yako tumeisoma. Watu walijaa mpaka kando ya lami, na kila aliyefungua mdomo alisema Bi Tatu alikuwa mwanamke mkweli. Nililia kwa neno hilo kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Sasa nina swali, na nina hasira, na sina wa kumwambia ila wewe.

Ulikuwa ukisema nina jicho la askari. Kweli. Mteja akisifia miche kabla hajaiona, mimi nampima. Akija na gunia lake mwenyewe, nataka kujua lilikuwa na nini. Ulinicheka, ukasema, "Rukia, utakuja kumshuku hata imamu." Lakini ni wewe uliyenifundisha. Ni wewe uliyekuwa ukigeuza jani la bamia na kunionyesha wadudu mafuta waliojificha chini yake, ukisema kikulacho ki nguoni mwako.

Nilikuja kwako sijui hata kushika koleo, mtoto wa kaka yako aliyeshindwa kila kitu. Siku ya kwanza ulinipa kinu na kapu la makombe ya chaza kutoka delta, yameshachomwa, ukaniambia nitwange. Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Nikauliza kwa nini tusiache tu, mbona pumba zilizochomwa na samadi ya mbuzi na mchanga wa mto vinatosha? Ukachota udongo uliokwisha kuchanganya, ukanionyesha zile chembe nyeupe. Ukasema yanapooza udongo mkali, hiyo moja. Ya pili, mtu akinunua mche wako Ikwiriri, akiugeuza akaziona, anajua ni wa nani. "Mfuko usio na makombe si wangu, hata kama nimeufunga mimi."

Nikadhani ni maringo. Loh!

Wiki moja baada ya arobaini akaja kijana, anajiita Dulla, kavaa raba nyeupe kitaluni. Wa Dar, ukimsikia tu unajua. Akanipa pole ya haraka kisha akasema, "Dada, mi mteja wa maza. Alikuwa ananiwekea udongo mwepesi, na kopo la vile vidudu vyekundu. Mzigo upo?"

Vidudu vyekundu! Vile vyenye madoa meusi mgongoni, tulivyokuwa tukivifagia kwenye kunde kwa unyoya wa kuku na kuvitia kwenye kopo la maziwa lenye kitambaa mdomoni. Wakulima wa bamia wa Mtunda wanavichukua kwa ajili ya wadudu mafuta, hao nawajua wote kwa majina. Huyu sikuwahi kumwona. Nikamuuliza analima nini. Nyanya, akasema, kisasa, ndani ya nyumba.

Ndani! Na jua hili la Bungu, linalokausha kanga kabla hujaitundika sawasawa? Nyanya gani hiyo inayokataa jua la bure? Na mdudu wa shambani, ukimfungia chumbani, anamla nani? Moyo wangu ukaanza kazi yake. Lakini alikutaja wewe, Shangazi. Alijua kwamba ulikuwa unaita samadi "mzee", alijua kikohozi chako. Nikasema, kama Bi Tatu alimwuzia, mimi ni nani? Nikamchanganyia udongo mwenyewe, nikatia makombe mengi kuliko kawaida. Ndio ulikuwa mchanganyiko wangu wa kwanza bila wewe. Nilitaka uwe na hadhi ya kuitwa wako.

Akataka guta la magurudumu matatu limpelekee. Nami nikapanda juu ya mifuko, nikasema nimesahau kufunga mmoja. Uongo mtupu, nilitaka kuona hizo nyanya.

Nyumba iko nyuma ya mikorosho, peke yake. Madirisha yamezibwa kwa magunia. Ilikuwa saa sita mchana na chini ya mlango mwanga ulikuwa unavuja mweupe kuliko jua, na feni zinavuma humo ndani wala hakuna sauti ya mtu. Kisha harufu. Kali, ya majani mabichi, inakaribiana na ile anayoacha fungo akipita nyuma ya banda. Wewe na mimi tunaijua harufu hiyo, kila mtu wa huku anaijua. Bangi. Imelazwa chumbani kwenye taa na upepo, na vidudu vya kuilinda, wakati watoto wa watu wanalala kwenye joto.

Ukutani palikuwa na mifuko ya zamani, mitupu. Nikajifanya naokota mmoja, nikakung'utia kiganjani. Shangazi, vidole vyangu havikosei. Pumba zile zilizochomwa nusu, samadi ile iliyokaa mpaka ikaacha kunuka. Udongo wako. Nikaupekua kwa kucha, nikachukua mfuko wa pili, wa tatu.

Makombe hakuna. Hata chembe.

Nikasimama pale na udongo wako mkononi, nikaelewa. Maana ungekuwa hujui, ungetia makombe, wewe uliyetia makombe hata kwenye mche mmoja wa mchaichai wa jirani. Ulijua. Ulijua na ukajificha.

Hapo yote yakaja kwa mpigo. Zile Jumanne ulizokuwa ukinituma Mtunda kuleta viota vya maji moto, hata wakati tunavyo tele. "Nenda kesho mapema, usirudi kabla ya alasiri." Mungu anisamehe, nilidhani una mchumba. Nilikuwa nikicheka peke yangu njia nzima, nasema shangazi yangu naye bado yumo, na maji moto wa kwenye kiota wananitambaa mgongoni. Kumbe ulikuwa unamuuzia Dulla na kuniondoa mimi njiani. Na ile pampu iliyokuja msimu huohuo, tukaacha kubeba ndoo kutoka bondeni. Nilipouliza ulisema Mungu katoa. Hukunitazama. Hiyo nayo niliiona, nikaiacha ipite, mimi mwenye jicho la askari.

Nikamwambia dereva wa guta arudishe mifuko yangu yote. Dulla akatoka, akacheka, akasema, "Maza hakuwa na maswali mengi hivi." Nikamwambia maza amekufa. Nikampa mpaka Ijumaa ahame, akibaki naenda kwa mtendaji. Akaacha kucheka. Akanisogelea, akaniambia polepole, "Nenda. Jina la maza litatangulia kufika."

Niliogopa, Shangazi, sikufichi. Nilikaa siku mbili sili. Kila nikishika simu naona wale watu wa arobaini, nasikia mwanamke mkweli, mwanamke mkweli. Nikisema, nakufukua kaburini. Nikinyamaza, kitalu hiki kitakuwa duka la Dulla, na siku moja nitajikuta natwanga makombe kwa wateja wa mchana na kuyaacha kwa wateja wa nyuma ya mikorosho. Kama wewe. Nikaapa Ijumaa nitakwenda, jina litangulie au lisitangulie.

Hakusubiri. Alhamisi asubuhi nyumba ilikuwa wazi, magunia yameanguka, ndani hamna hata waya. Udongo wote aliumwaga nyuma, lundo kubwa.

Mvua zikanyesha. Unajua kilichotokea, wewe unaujua udongo wako. Mchicha ukaota kwenye lile lundo wenyewe, majani mapana kama sahani, na juu yake vile vidudu vyekundu vinatembea vimenenepa. Wanawake wakaanza kwenda kuchuma. Juzi Mama Shamte, jirani yako uliyemzika mumewe, akaja hapa na kanga yake imejaa mchicha. Akachota udongo ule kiganjani akanionyesha. Akasema tangu azaliwe hajaona udongo kama huo, mwepesi, unanukia mvua. Akasema, "Nimetafuta zile chembe za marehemu, sizioni. We Rukia, huu udongo ni wa nani?"

Ulikuwa udongo bora kuliko wote uliowahi kuchanganya. Niliuona. Ulikuwa umefika mwisho wa ufundi wako, na hakuna atakayejua.

Nikasema, "Sijui."

Akaondoka. Nikaingia bandani nikalia kwa sauti. Shangazi, ulinilea, ulinipa kazi, ulinipa kigoda hiki, na nimekukana mbele ya mtu, tena kwa kitu chako kizuri kuliko vyote. Wewe ndiye uliyenifanya nikukane. Hilo ndilo linaloniuma. Bangi yenyewe ningeweza kukusamehe hata leo.

Jana nimekwenda kaburini. Nilichukua ndoo moja ya udongo wa ile mifuko niliyoirudisha, yenye makombe mengi, nikaimwaga kichwani pako na kuisawazisha kwa mikono. Chembe nyeupe zinaonekana vizuri ukisimama njiani. Atakayepita ataona na atajua ni wako, na hapo sitakuwa nasema uongo. Nikakusomea Yasini. Nimekukasirikia na nimekuombea kwa siku moja, na leo nimeamka bado nimekasirika, na bado nakuombea.

Pampu nimeifunga kwenye turubai. Sijui nitaifanyaje, kwa sasa nabeba ndoo.

Lala salama, Shangazi. Mungu akufunike, nami nitanyamaza. Ila nakuahidi jambo moja, nalo nitalishika mpaka na mimi niletwe hapo ubavuni mwako: hautatoka mfuko hapa bila makombe. Siku nikifa, mtu akichota udongo wangu akauliza ni wa nani, nataka yule aliyebaki aweze kunitaja.

Mimi mwanao,
Rukia