Picha ya Rukia Imetoka Nje

Jumatatu, 5 Mei

Siku ya tatu natafuta mikono. Mikono yenye hina, ya mwanamke wa pwani, picha ambayo mwenyewe ameiachia watu waitumie bure. Sijapata. Bi Salma wa Dar anaandika kitabu cha urembo wa bi harusi wa huku kwetu, na kazi ya kumtafutia picha kanipa mimi. Za bure, alisema, tena za halali, maana mchapishaji hana fungu la picha na hataki kesi.

Basi nakodoa macho. Nikiandika "hina" zinakuja za India. Nzuri, lakini si zetu. Nikiandika "bi harusi wa Kiswahili" inakuja keki. Zipo na za zamani sana, waliozipiga wamekufa mpaka haki zao zimekwisha muda. Wanawake wamepangwa ukutani, hakuna anayecheka, chini imeandikwa "mwanamke wa pwani". Jina hana. Nimezifunga haraka.

Na kabati liko nyuma yangu. Miaka ishirini na mbili ya maharusi wa Bagamoyo, ndani, wanawake peke yao, nywele wazi, mabega wazi. Wananiruhusu kwa sababu nilitoa neno: picha haitoki nje. Kila mama wa bi harusi nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu. Ndilo linalonilisha, hilo neno. Wapiga picha wazuri kuliko mimi wapo tele.

Jumatano, 7 Mei

Mvua toka asubuhi. Nimepata tovuti nyingine, imepangika vizuri. Ina kisanduku cha kuweka picha yako. Nilivyofahamu, ukiiweka inakutafutia zinazofanana nayo. Nikaona hapa sasa nimepata njia. Nikaweka ya Rukia.

Rukia nilimpiga miaka mitatu iliyopita, kwao Mlingotini. Yuko kwenye mkeka, kanga kifuani, nywele zimefumuliwa, somo wake, mwanamke anayemfunda, anamsugua singo ya manukato begani. Kafumba macho, anacheka. Sijawahi kupiga picha nzuri kuliko ile, na hakuna wa kumwonyesha. Nikaandika jina langu, maana waliuliza. Kulikuwa na maswali ya Kiingereza, nikabofya ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Haikuja picha yoyote. Tovuti yenyewe bure kabisa. Nimezima, nimekula ugali na dagaa peke yangu, chungu kidogo kile ninachopikia tangu Hamadi anipe talaka.

Ijumaa, 9 Mei

Ya Allah.

Nimefungua tena ile tovuti. Nikaandika "bi harusi, pwani, Tanzania". Ya kwanza kutokea ni Rukia. Chini yake jina langu lote, Mwanaidi binti fulani, kama niliyekwenda kuitundika sokoni.

Kile kisanduku hakikuwa cha kutafutia. Kilikuwa cha kutolea. Nimeitoa bure kwa dunia nzima, waikate, waibadilishe, waitumie kuuzia vitu. Watu thelathini na mmoja walikwisha kuichukua.

Nimeifuta. Yakaja maneno, nikayasoma polepole safari hii, neno kwa neno na kamusi. Hapa imeondolewa. Aliyekwisha kuichukua ni yake, ruhusa ikitolewa hairudishwi.

Sala ya Ijumaa imeadhiniwa nimekaa sakafuni.

Jumamosi, 10 Mei

Kazi. Harusi ya mjini hapahapa. Nilitaka kusingizia homa, nikaona aibu juu ya aibu. Bi harusi mtoto mdogo, anaogopa kuvua baibui mbele yangu. Mama yake akamwambia, "Vua tu mwanangu, huyu ni Bi Mwanaidi, huyu ni kaburi."

Akavua. Nikapiga. Nusu ya picha zimetikisika.

Jumapili, 11 Mei

Sikula. Kutwa namtafuta Rukia kwenye mtandao. Nilikuwa naomba nisimwone.

Nimemwona. Kuna watu wanauza sabuni ya kusugua mwili, wako nchi gani sijui, maandishi yao siyafahamu. Mkono wa somo wameukata. Wamembakisha yeye, bega na nywele na kicheko, na chupa ya sabuni pembeni. Nimewaandikia waitoe. Nimewaandikia tena. Kimya.

Hakuna ninayeweza kumwambia. Dada yangu yuko Fukayosi, lakini dada yangu kinywa hakina kitasa. Nikimwambia leo, kesho Bagamoyo yote inajua. Nimezungumza na kuku wa jirani.

Najua ninachotakiwa kufanya. Sitaki. Ikijulikana, hakuna mlango wa bi harusi utakaofunguliwa nikiwa nje. Na zaidi ya harusi za watu, mimi kwa watu huwa siendi.

Jumanne, 13 Mei

Nimekwenda. Bodaboda mpaka Mlingotini, matope mpaka magotini.

Rukia alikuwa nyuma ya nyumba anageuza mwani. Kanenepa kidogo, ana mtoto wa kike. Alifurahi kuniona, na hilo ndilo lililonimaliza. "Shikamoo, Bi Mwanaidi! Umepotea!" Nikamwitikia marahaba, nikamwambia yote nimesimama, kabla hajanipa pa kukaa. Nilijua nikikaa sitasema.

Hakupiga kelele. Aliuliza uso unaonekana? Nikasema ndiyo. Nywele? Ndiyo. Akaomba aione. Nikampa simu. Aliitazama muda mrefu sana, ile ya sabuni. Mtoto akataka kuishika simu, akamsukuma mkono.

Nikamwambia niko tayari kwenda kwa mama yake, kwa mumewe, kwa yeyote, nimwage yote, nilaumiwe.

"Usithubutu," akasema. "Hapa hakuna anayejua. Ukienda kuomba msamaha kila nyumba, utakuwa unanivua kila nyumba. Iliyobaki kwako ifute. Na usimwambie mtu mpaka unakufa."

Kisha akarudi kwenye mwani wake. Sikukaribishwa hata maji. Miaka yote hii sijawahi kutoka nyumba ya Mlingotini bila kutia kitu kinywani. Nilistahili, lakini niliona uchungu vilevile.

Jumatano, 14 Mei

Nimeifuta. Kwenye diski, kwenye kompyuta, kwenye kadi. Niliitazama mara moja tu kwanza. Nadhani mara tatu.

Sasa wanayo wauza sabuni na watu thelathini. Mimi sina.

Nilitegemea adhabu. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa sokoni, kunyimwa kazi, kupitwa bila salamu. Hakuna. Leo watu wamenisalimu kama kawaida, muuza maandazi kaniongeza moja. Ningesemwa ningepumua.

Ijumaa, 16 Mei

Kitabu lazima kipate picha. Nimetoa vitu vyangu kabatini, nikavipanga juani barazani: jiwe la kusagia liwa ya kujipaka, chetezo na udi unafuka, sinia la asmini, kopo la hina. Nimepiga vyote. Hivi ni vyangu, natoa kwa radhi, na nimemwandikia Bi Salma hivyo.

Akapiga simu. Nzuri, alisema, lakini mbona hakuna mtu? Nikamwambia hakuna mtu. Akasubiri nieleze. Nikamwambia udi unaungua, nikakata simu.

Alhamisi, 22 Mei

Mama wa bi harusi mwingine kaja, harusi keshokutwa. Nimemwambia harusi hii sipigi. Kaniuliza naumwa? Nikasema macho. Nimemdanganya mtu mzima, ila ukweli si wangu peke yangu kuutoa. Alikaa kidogo, akasema basi njoo hivyohivyo, Bi Mwanaidi, kwani wewe ukija lazima uwe na kazi?



Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda. Kamera niliibeba, mazoea tu.

Mlangoni alikaa msichana na kikapu, anakusanya simu za wageni. Simu zote zinabaki nje, ndiyo desturi, mimi tu ndiye hupitishwa. Akaniambia pita, bibi. Nikavua kamera shingoni, nikailaza kikapuni juu ya simu za wenzangu. Akanitazama. Nikaweka na simu yangu.

Ndani wakanisogezea nafasi kwenye mkeka. Bi harusi akaingia, wakapiga vigelegele, akafunuliwa. Alikuwa mzuri sana. Miaka ishirini na mbili nimewaona kupitia kwenye kioo kile kidogo cha kamera, sikujua kumbe anayefunuliwa hutafuta uso wa kutazamana nao. Huyu akautafuta, akaupata wangu.

Mikono sikujua niiweke wapi. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa anamnyonyesha mtoto na anataka kula. Akanipa mtoto nimshike. Nikamshika mpaka mwisho.