Saa Moja na Dakika Tano

Jumanne, 3 Juni

Kitindamimba wangu amepanda cheo — rubani mkuu! Jumapili ataendesha ndege kwa mara ya kwanza akiwa mkuu, tena kwenda mji uleule niliopelekea saruji kwa lori miaka ishirini na sita. Katutumia tiketi, mimi na mama yake. Kilomita 611, anasema, saa moja na dakika tano. Nikamwambia acha uongo, ni 842, nimezipima kwa magurudumu yangu mwenyewe. Kacheka. Eti, baba, angani hakuna kona.

Mimi nilikuwa nakesha njiani siku mbili. Saa moja! Hata chai haijapoa.

Jumatano, 4 Juni

Gereji nzima inajua. Nimehakikisha. Fundi wa matairi kaniuliza kama kweli nitapanda. Nipande nisipande, nikasema, mwana ni wangu! Wakaangua kicheko.

Ukweli, naogopa. Sijazoea kubebwa. Hata kwenye gari la mtu mguu wangu unatafuta breki.

Ijumaa, 6 Juni

Shati limepigwa pasi. Nimelirudisha kabatini. Mama watoto anasema nisipokwenda atakwenda peke yake, na picha atapiga bila mimi.

Jumapili, 8 Juni, ndani ya ndege

Nimepanda! Dirishani. Mama watoto yuko kando yangu, anamung'unya pipi kama hana habari.

Sauti ya binti yetu ikatoka kwenye spika, ikatukaribisha abiria wote, imetulia kabisa. Machozi yakanitoka. Nikasingizia mafua.

Hiyo ilikuwa saa moja na nusu iliyopita. Bado tuko chini. Katangaza tena: huko tuendako kuna dhoruba, haruki mpaka ipite. Watu wakafura. Jamaa mwenye tai, kiti cha nyuma, akasema kwa sauti tumepewa rubani mwoga, mbona ndege ile pale imeondoka? Kweli, niliiona ikiruka.

Siku yake ya kwanza, jamani! Nami nikajiuliza, kimoyomoyo — kaogopa? Maana mimi sikuchelewa hata siku moja. Ndiyo iliyokuwa sifa yangu. Mwaka ule maji yalipofunika daraja, wenzangu wote walipaki wakangoja. Mimi nikapita. Lori likaenda na maji, na meno yangu mawili. Mama watoto alikuwa na mimba ya huyuhuyu. Nusura azaliwe yatima.

Nikasimama. Nikamwambia mwenye tai: rubani ni binti yangu. Mimi ni dereva wa miaka ishirini na sita, na kwa kungoja kanishinda. Ninamwonea fahari!

Mama watoto akanishika mkono.

Halafu yule jamaa, kwa upole sasa: basi mzee, tutafika saa ngapi?

Sijui, nikamjibu, nikakaa, nikafunga mkanda.